Maman Eulalie na Simu ya Kilimani

Siku ya kwanza nilimpelekea Maman Eulalie sucré ya baridi, akaisukuma pembeni bila kuifungua. Mimi nanunua madini. Nilianza kwa kubeba mizigo sokoni Kadutu. Ninavyojua, mtu anayekataa soda ama ni mtakatifu, ama bei yake ni kubwa. Watakatifu sijakutana nao Bukavu.

Alikuwa mtu wa conformité katika depo moja ya Nyawera inayonunua kasiterite, madini ya bati. Yeye ndiye aliyeamua kama magunia yako yametoka kwenye shimo halali au kwa watu wenye bunduki. Karatasi hakuziamini. Alikuuliza njia, kama alivyoniuliza mimi: "Papa Delphin, lile daraja la miti mbele ya Kamituga ulilivukaje?" Ukijibu "vizuri tu", kumbe lilishabebwa na maji, umekwisha.

Kisha depo ikaleta programu. Unaingiza majina ya wachimbaji na namba za simu walizolipiwa, kompyuta inatoa rangi. Kijani, unauza. Nyekundu, unarudi na mzigo wako. Directeur Léopold akachekelea: "Hii haina shemeji, haina njaa!" Mimi nikawaza: kisicho na shemeji kitajuaje watu?

Magunia yangu yakatoka nyekundu. Wachimbaji wote walilipwa kwenye namba moja, na kompyuta ikaona mwizi mmoja mwenye majina mengi. Lakini kule shimoni kwetu, Mwenga, réseau ya simu inashika juu ya kilima kimoja tu, na pale anauza mihogo Maman Colette. Malipo ya kila mchimbaji huingia kwenye simu yake, naye anawagawia.

Maman Eulalie hakuniamini kwa mdomo tu. Alimpigia Colette, sauti nje, nisikie, akataja jina moja la orodha yangu.

"Maman, Bruno alikamata feza yake?"

"Bruno gani? Ule wa kidole kimekatika ao ule wa kanisa?"

"Wa kanisa."

"Ule hakamatake. Bibi yake njo anakuyaka kukamata. Na weye ni nani, unauliza feza za batu?" Simu ikakatwa.

Maman Eulalie akacheka. "Huyu hadanganye. Mwenye uongo angenijibu kwa adabu."

"Basi pitisha mzigo, maman."

"Nikipitisha nyekundu, lazima niandike sababu. Na ile mashini iko inajifunza. Niliandika juu ya daraja, sasa yenyewe inauliza madaraja. Nikiipa na simu ya kilima, nitabakia na nini? Ufagio?"

Nikajua sasa tumefika sokoni. "Sema bei yako."

"Weye hauna kitu nataka."

"Basi muuzie Léopold. Sababu uko nayo kichwani, asaini kwanza unachotaka, uandike nyuma."

Akaniangalia kwa jicho la upande. "Juu ya nini unanisaidia?"

"Sikusaidie. Magunia yangu yanalowa uani."

Hiyo aliisadiki.

Hakuandika. Magunia ya wenzangu nayo yakatoka nyekundu, ua ukajaa, lori la mteja wa depo likasimama tupu mlangoni. Léopold alipiga kelele, akatishia kumfukuza, kisha akashusha sauti. Maman Eulalie alitaka kitu kimoja: mkataba mpya, wa kukagua mashimo yenyewe, kwa mshahara uleule. Kompyuta haipandi kilima, akasema. Léopold akasaini. Ndipo akaandika habari ya simu, na mzigo wangu ukawa kijani.

Niliuza. Lakini sababu ile ilibaki ndani ya mashini, na sasa kila mwenye simu moja anapita, hata mwongo ambaye Colette wake anakaa kwenye baa ya hapa Bukavu. Wanunuzi wamejaa shimoni kwetu, bei imepanda. Maman Eulalie amepoteza kiti chake cha Nyawera na woga tuliokuwa nao mbele yake. Analala kwenye nyumba za watu, anasukuma pikipiki kwenye matope, na mkataba wake una mwisho, Léopold anausubiri.

Deponi nilikuwa naandaa majibu njiani. Shimoni siwezi kuandaa kitu, ananikuta tu, amekaa na Colette wanamenya mihogo. Juma lililopita alifungua gunia langu moja kabla halijapanda lori, akatia mkono ndani, akaliweka pembeni.

"Hii haikutoka hapa, papa."

Wachimbaji walikuwa wanaangalia. Sikubishana. Lori likaondoka bila lile gunia, Léopold akasikia kwamba mkono umeshika kile ambacho mashini isingekiona, na jina la Maman Eulalie likabaki kwenye mkataba kwa msimu mwingine.