Ujumbe wa Majaribio, Usijibu

Mteja wangu yuko nchi ya mbali, hata sura yake siijui. Alinipa kazi ya kuandika programu ya mfano, ya watu wengine kuiga: ukiiendesha, inatuma barua pepe na ujumbe wa simu kwa mtu yeyote duniani. Mtu yeyote, jamani. Na mimi niliyeiandika, chumbani kwangu mjini, pale Miembeni, siku nzima naongea na birika la chai.

Barua pepe haikunisumbua. Niliituma kwangu mwenyewe, ikaingia, nikaisoma. Ujumbe wa simu ndio ulionikwamisha, maana ulitaka namba ya mtu mwingine. Nikapekua simu. Mwenye nyumba. Fundi bomba. Wenzangu wa chuo, ambao salamu yao ya mwisho ilikuwa mchango wa harusi. Mtu mzima mimi, sina wa kumtumia hata neno la majaribio bila kuulizwa nina shida gani. Iliniuma, sitaficha.

Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama, kule Muleba, naye tulikuwa hatuongei. Tulipomzika baba, ukoo ulisema kibanja, shamba lake la migomba, ni changu, nirudi nikitunze. Nikakataa, eti kazi yangu haifanyiki kwenye migomba. Mama hakugomba. Aliacha tu kunipigia, nami kwa kiburi changu nikaacha pia.

Basi nikaweka namba yake, jina langu likawa la mtumaji, na maneno haya: "Huu ni ujumbe wa majaribio. Tafadhali usijibu." Programu ikasema umefika. Nikaendelea na kazi.

Kesho yake konda wa basi la Muleba akanipigia, nina mzigo stendi. Ulikuwa mkungu mzima wa ndizi, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, ule ufungaji wa mama. Nikarekebisha programu, nikaijaribu tena kwa namba ileile ya mama. Ukaja mkungu mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa umeanza kuiva kando ya kitanda, chumba kinanukia nyumbani. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga.

"Shikamoo mama. Waitu, jamani, hizi ndizi ni za nini?"

"Marahaba. Uliandika nisijibu, sijajibu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, mpaka nikakasirika. "Lakini kikapu kikija na kitu hakirudi kitupu. Hilo nilikufundisha."

"Ni nyingi, mama. Zitaniharibikia."

"Unakula na nani?"

"Peke yangu."

Nilisikia kuku wake, na mlango wa jikoni ukipigapiga kwa upepo, ule ambao baba alikuwa akisema ataurekebisha.

"Nilidhani umepata mtu huko, ndiyo maana hurudi," akasema. "Ningejua, ningekutumia kichane kimoja tu. Ndicho ninachokata mimi tangu tumzike baba yako."