Klachi ya Venansi

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimeshatoka. Huikumbuka kila kijana anaposimama mlangoni kwangu na kuuliza kama pikipiki ya magurudumu matatu ainunue ya klachi au ya nusu otomatiki. Swali hilo nimeulizwa mpaka nimechoka. Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Sasa nina jibu refu, na kwa bahati yako mbaya umenikuta nimekaa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, au mwishoni mwa ule uliotangulia. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika karakana ya Mzee Karoli pale Muhima. Yeye alichomelea vyuma, mimi nilishughulika na injini. Ufundi huo sikufundishwa shuleni. Niliupata kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa, na kwa sababu nilijisomea mwenyewe nilijiona nimefika. Ajisomeaye ana hatari hiyo, hana mwenzake darasani wa kumcheka.

Akaja mteja mmoja, Venansi. Alikuwa mshona viatu wa umri wa makamo, aliyepooza miguu yote miwili tangu utotoni. Alitengeneza makubazi ya matairi. Matairi makuukuu aliyanunua chini Nyabugogo, karakana yake ilikuwa juu Muhima, na kati ya hapo, kama ujuavyo, kuna kilima. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Kwenye tambarare alikwenda mwenyewe, lakini kilimani alisukumwa na wapagazi. Walikuwa wakimpigia kelele njia nzima: "Sukumeni, sukumeni, bwana harusi amechelewa!" Naye alicheka pamoja nao, maana asiyecheka na anayemsukuma ataachwa njiani.

Siku alipokuja kwetu hakucheka. Alisema, "Mimi nataka kitu moja tu. Nipande hii kilima, na nyuma yangu mtu asikuwe."

Mzee Karoli alikuwa na injini mbili za pikipiki chini ya benchi. Moja ilikuwa ya klachi. Klachi unaishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ukiivuta, injini inaachana na magurudumu, ukiiachia, vinashikana. Ya pili ilikuwa nusu otomatiki. Hiyo haina mkono wa klachi, unabadilisha gia tu, na ndani yake klachi hujishika yenyewe injini inapozunguka kwa nguvu, kisha hujiachia injini inapolegea. Kazi ya kuchagua aliniachia mimi.

Nilifikiri kwa utaratibu, sikukurupuka, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Nilijiambia hivi: mtu huyu hana miguu ya kubadilishia gia, kwa hiyo nitamwekea fimbo ya chuma abadilishe kwa mkono. Breki zote nitazikusanya kwenye mkono wa kulia. Mikono yake itakuwa na kazi nyingi mno. Nikimwongezea klachi nitamwonea. Basi nusu otomatiki. Nikaifunga kwenye fremu ya magurudumu matatu aliyoichomelea Mzee Karoli, nikaipeleka Kabeza nilikokuwa nikiishi, nikaizungusha kule jioni mbili tatu. Ilikwenda vizuri kabisa.

Venansi alipokuja kuiona nilimwambia kwa furaha, "Mzee, nimekuchagulia ile bila ambreyaje, ile isiyo na klachi ya mkono. Kwako itakuwa rahisi."

Akanitazama. "Umenichagulia? Sha, mimi niko bibi harusi?"

Karakana nzima ikacheka. Akanishika mkono na kuubana hadi nikapiga goti. "Nani alikuambia mikono yangu iko mgonjwa? Miguu ndiyo iko mgonjwa. Ulijaribu wapi?"

"Kabeza, mzee."

"Kabeza! Kabeza iko tambarare, hata kuku inaendesha." Watu wakacheka tena, lakini yeye alikuwa hatanii. "Na miguu yako, wakati unajaribu, ilikuwa wapi?"

Sikulielewa swali. Miguu yangu ilikuwa pale ilipokuwa siku zote. Nani huihesabu miguu yake?

Mzee Karoli alikuwa amelala chini ya gari, tunamwona viatu tu. Sauti yake ikatoka huko, neno moja: "Mfunge."

Basi tukashuka na chombo hadi Nyabugogo, na huko Venansi akanifunga. Alitumia mikanda ya mpira, ile ile ya makubazi yake, akanikaza magotini na kwenye vifundo, na mshona viatu akikaza kitu hakilegei. Wapagazi wakanibeba na kunikalisha kwenye kiti, wakapakia matairi nyuma yangu, mzigo wake wa kawaida. Mpagazi mmoja akauliza, "Eh, leo fundi ndiye mzigo?" Venansi mwenyewe akakaa kwenye baiskeli yake na wapagazi wakamsukuma, akinifuata nyuma aone kila kitu.

Nilianza kupanda. Mwanzo ulikuwa mzuri, hata nikamwonea huruma kwa wasiwasi wake. Katikati ya kilima lori lililokuwa mbele yangu likasimama, nami nikalazimika kusimama. Petroli ya miaka ile ilikuwa ya mashaka. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na mafuta yalifika mjini yakiwa yamechanganywa na ambacho hutaki kukijua. Injini ikakohoa, ikazima.

Sasa kumbuka nilivyokueleza. Klachi ya nusu otomatiki hujiachia injini inapolegea. Injini ikizima kabisa kwenye mlima, gia uliyoiweka haizuii tena kitu. Gari linarudi nyuma kana kwamba halina injini. Kwenye pikipiki ya magurudumu mawili hutaligundua jambo hilo, maana ukisimama unaweka mguu chini au unateremsha stendi. Ya matatu inasimama yenyewe, kwa hiyo unaiamini. Kitabu changu hakikuandika hilo, au kiliandika kwenye ukurasa uliochanika.

Ikaanza kurudi. Niliibana breki kwa nguvu zangu zote, lakini mkono mmoja ukigawa nguvu zake kwa magurudumu matatu yenye mzigo, kila gurudumu linapata kidogo. Miguu yangu ikaruka yenyewe kutafuta ardhi, ikakuta mpira. Hapo ndipo nilipojua ilikuwa wapi siku zote nilipokuwa Kabeza. Kila niliposimama nilikuwa nimeishusha chini, bila kujua, na kuisaidia breki.

Nikageuza kichwa. Nyuma yangu hakukuwa na kitu ila Venansi katika baiskeli yake, na uso wake.

Wapagazi wawili walimwacha mikononi mwa mwenzao wa tatu, wakaruka mbele na kuweka mabega yao kwenye mzigo wa matairi, mmoja kila upande. Wakateleza nami, wakateleza, kisha tukasimama. Kati ya mzigo wangu na magoti ya Venansi ungeweza kupitisha mkono, si zaidi.

"Basi," alisema polepole, "sasa tuko wawili tunajua."

Nilimwomba anifungue. Akakataa. "Mpaka juu," akasema. Wakatusukuma wote wawili hadi Muhima, na mwanangu, safari ile fupi ilinifundisha kuliko kitabu. Unapata mikono ya watu mgongoni ambayo hukuiomba. Wanazungumza juu ya kichwa chako. Mama mmoja wa maandazi, aliyeniuzia kila asubuhi na kunijua kwa jina, alimuuliza mpagazi, "Huyu mnamshusha wapi?" Hakuniuliza mimi. Mdomo nilikuwa nao, lakini nilikuwa mzigo, na mzigo hauulizwi unakwenda wapi. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilionjeshwa kidogo tu, nikafunguliwa nikaenda zangu.

Tuliitoa injini ile, tukafunga ya klachi. Safari hii Venansi alikaa pale pale kwenye kiti kisichokamilika, akasema kila kitu kiwe wapi. Fimbo ya gia niliiweka kushoto, akaihamishia kulia. Mkono wa klachi aliutaka mgumu, nami nilitaka kuulegeza. Tulibishana mpaka Mzee Karoli akatoka chini ya gari kutuambia tunampigia kelele.

Siku ya jaribio, katikati ya kilima, Venansi aliizima injini kwa makusudi. Wapagazi wakakimbia kumfuata. Akaweka gia ya kwanza, akaiachia klachi taratibu, kisha akainua mikono yote miwili hewani. Gari halikusogea. Injini iliyokufa ilikuwa imeyashika magurudumu, na yeye hakushika kitu. "Rudini," akawaambia wapagazi, "harusi imekwisha." Akainama kutoka kitini, akasukuma kabari ya mti nyuma ya gurudumu, akatoa gia, akavuta mkono wa kuwashia. Haikuwaka. Akavuta tena. Ilipowaka aliondoka vibaya, klachi ikanuka moshi, mzigo ukayumba. Lakini alipanda. Nilimtazama hadi akapinda kona, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Alipanda kilima kile karibu kila siku kwa muda kidogo. Yaliyoufika mji huu mwaka wa tisini na nne unayajua, na sina nguvu ya kukusimulia mimi. Venansi sikumwona tena. Nimeuliza Nyabugogo, nimeuliza Muhima, mpaka waliobaki wa kuulizwa wamekwisha. Watu hupenda hadithi iishe mtu amepatikana. Hii haikuishia hivyo.

Kwa hiyo usinisikie vibaya, mwanangu. Sikwambii ya klachi ni bora. Kama unabeba maziwa Kabeza, una miguu yako na mzigo mwepesi, nusu otomatiki itakupumzisha, nami nitakusaidia kuichagua. Lakini ukiambiwa umchagulie mtu mwingine, iwe gari, iwe kazi, iwe mke, kwanza muulize yeye. Kisha nenda kajaribu kwenye kilima chake, ukiwa na mzigo wake, bila kile ulicho nacho wewe na yeye hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huruma isiyouliza humwona mtu kwa kile alichokosa tu, nayo hudhani kitu chepesi kwako ni chepesi kwa kila mtu. Na usione haya kuuliza. Wanyarwanda husema akili huombwa kwa jirani, kama makaa ya kuwashia moto. Hakuna aliyewahi kudharauliwa kwa kuomba moto.

Nimesema mengi, na umekuja kuuliza neno moja. Nenda sasa. Mungu akupe subira ya kusikiliza kabla ya kushika spana, akulinde kwenye miteremko, na kila utakayemtengenezea chombo afike juu kwa nguvu zake mwenyewe, nyuma yake pasiwe na mtu.