Mchumba Wangu Aliniacha Chini ya Maji, Leo Ndiye Mwokoaji

Admin, nifichie jina, maana huku Magomeni watu wanapitia hii page kabla hata hawajapiga mswaki. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nauza zipu, nyuzi na vifungo kwenye duka la mama Kariakoo. Nina mchumba, fundi magari kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, nitamuita B. Barua ya posa imeshajibiwa, mama zangu wadogo wameshagombania rangi ya sare, ndoa ni baada ya mfungo. Mtasema huyu naye analia nini. Subirini.

Mwaka jana kikundi kimoja cha kujitolea kilipita mitaani kwetu kutafuta vijana wa kufundishwa kuzamia kwa mitungi ya hewa, ili bonde la Jangwani likijaa maji ya mvua wawepo watu wa kuokoa. Walitaka na wanawake. Mwalimu alituambia wazi, akizama mama wa mtu, familia inatamani wa kwanza kumshika awe mwanamke mwenzake, amsitiri na khanga kabla hajatolewa mbele za watu. Maneno yale yaliniingia. Nikajitokeza, mwanamke peke yangu. B akaja juu: "Yaani ukavae manguo ya kubana katikati ya midume yote ile, mimi nimekaa tu?" Kesho yake na yeye akajiandikisha. Nilicheka mpaka basi, nikaona huo ndio wivu wa mapenzi.

Jamani, ile kazi niliipenda. Tulianzia bwawani, tunavalishwa miwani iliyozibwa kitambaa cheusi, tunapapasa chini kumtafuta mdoli mkubwa aliyevalishwa dera. Maji ya mafuriko ni tope tupu, humo macho hayakusaidii kitu. Mara nyingi mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumpata, maana dukani nachambua vifungo kwa kushika tu huku naongea na wateja. Wenzangu wakaniita Mama Vidole. Na kila siku mwalimu alikuwa anarudia jambo lile lile: unashuka na mwenzako, unapanda na mwenzako. Mwenzangu alikuwa B.

Siku ya zoezi la baharini tulishuka wawili wawili. Tukiwa chini kabisa kipumulio changu kikaanza kuingiza maji. Nikivuta hewa, nakunywa chumvi. Sikuchanganyikiwa, nisikilizeni vizuri hapo. Nilimgusa B begani, nikapitisha mkono shingoni, ndiyo ishara ya kusema sina hewa. Alikuwa na kipumulio cha akiba kinaning'inia kifuani pake. Alinitazama machoni. Nikanyoosha mkono nikichukue, akausukuma, akanipiga teke la kifua, akapanda juu mbio. Aliyenipa hewa ni mwalimu, alikuwa upande wa pili na wawili wengine, akagundua nimebaki peke yangu.

Kwenye boti nikamkuta B anatoka damu puani kwa kupanda haraka, watu wote wamemzunguka. Anatetemeka, anasema, "Alipaniki, akaning'ang'ania, nusura tufe wote." Mwalimu mwanzo wa tukio hakuuona. Akaniuliza, "Ni kweli, dada?" Nikamwangalia B. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nikajibu, "Sikumbuki vizuri." Basi. Nikaambiwa nikapumzike, kuzamia hakunifai. B akafaulu.

Nyumbani mama hata kunipa pole hakunipa. "Nilikwambia mambo hayo si ya mtoto wa kike. Mshukuru mwenzio, angekuwa mwingine angekuacha." Nikaingia chumbani nikalia kwenye mto nisisikike.

Siku chache baadaye B akanifuata dukani, akakaa kwenye maboksi, akalia kama mtoto. "Nilikuona. Wallahi nilikuona. Mwili ulikimbia wenyewe." Nikamwambia basi twende tukamwambie mwalimu. Akafuta machozi hapo hapo. "Nikisema, Gerezani nzima watanicheka. Wewe mwanamke, ukiogopa nani atashangaa?" Huko kuachwa majini ningeweza kumsamehe, kila mtu anaogopa kufa. Ila hilo neno, ndugu zangu, limenikata maini. Na bado nikanyamaza, kwa sababu nampenda. Nilidhani hasara ni yangu peke yangu.

Sasa mvua zimeanza. Juzi kanipigia kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo, mtu mpole sana, mke wake kajifungua majuzi tu. "Shemeji, nimepangwa kushuka na jamaa yako. Mke wangu alikuwa hataki kabisa niende, nimemtuliza, nimemwambia niko na mtu mzoefu, ameshapambana na mtu aliyepaniki na akatoka." Alikuwa anacheka, kwa nyuma kichanga kinalia. Mimi nikasema, "Haya, Mungu awalinde." Nimekata simu, mteja ananiuliza bei ya zipu, namtajia bei ya vifungo.

Nikamfuata B gereji, nikamwambia ajitoe mwenyewe, aseme hata masikio yanamsumbua, mimi siri yake nitakufa nayo. Akanijibu bila hata kunitazama, "Ilitokea mara moja, haitatokea tena. Ukifungua mdomo, ndoa hakuna." Najua hata nikisema huenda wasiniamini. Wataona nina kinyongo kwa kuwa niliondolewa. Mama atasema nimeuaibisha ukoo mzima. Na huyu mwanaume, pamoja na yote haya, nikisikia sauti yake moyo bado unaruka. Najichukia kwa hilo.

Wakubwa kwa wadogo humu ndani, nisaidieni mawazo. Matusi wekeni pembeni, nimeshajitukana vya kutosha. Na msinishauri nivute subira mpaka ndoa ipite, maana leo Jangwani maji yameshapanda barabarani, na yule kijana kanitumia ujumbe sasa hivi kwamba wameitwa wakae tayari. Simu ninayo mkononi. Naanza kumwambiaje?