Mipira Mia na Ishirini kwa Siku

Kila asubuhi, kabla hajagusa bakuli la wali, Kuramochi Isao alitandaza ukurasa wa gazeti la jana mezani, akachukua tupa yake ndogo na kusugua kucha mbili za mkono wa kulia, ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati. Nyingine hakuzigusa. Akimaliza alizipuliza, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha mkewe Yasue akalikunja gazeti na kwenda kulikung'uta nje ya mlango.

"Ungesugua na hizo nyingine, Baba," Yasue alimtania. "Zinaona wivu."

"Hizo nyingine hazijawahi kutulisha."

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa misimu tisa alikuwa mrushaji wa Korongo, timu ya besiboli ya mji ule wa bandari, na mwaka Korongo walipochukua ubingwa, yeye ndiye aliyerusha mpira wa mwisho. Bega lilipokwisha, timu haikumtupa. Ilimfanya mrushaji wa mazoezi. Kila siku kabla ya mechi alisimama nyuma ya wavu na kuwarushia wapigaji mipira mia na ishirini, laini, ya katikati, pale wanapopenda. Zamani alirusha ili mpira usipigwe. Sasa alirusha ili upigwe. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila vuli alipoitwa ofisini alivaa tai.

Mwanzoni mwa msimu alikuja dada mmoja wa gazeti la michezo, anaandika ukurasa unaoitwa Wako Wapi Sasa. Mabingwa wenzake wa mwaka ule walikuwamo. Mmoja anauza bima, mwingine analima vitunguu, wa tatu amefungua baa na kuifunga. Kuramochi peke yake ndiye aliyebaki na viatu vya njumu miguuni. Wakampiga picha akiwa amekumbatia kikapu cha mipira, anacheka. Mzee Hamasaki, mwenye duka la tambi karibu na stesheni, aliukata ukurasa ule, akautia fremu na kuutundika juu ya sanduku la fedha. Watu waliokuwa wamemsahau wakaanza kumwita barabarani. Yasue alinunua nakala sita.

Wiki ileile vidole vikaanza kuacha kusikia.

Havikuuma. Ila pale pa kuuachia mpira, vilichelewa kidogo, kama mtu anayeitwa naye anajifanya hakusikia. Mpira mmoja kati ya ishirini ulienda unakotaka. Hakumwambia mtu. Alisugua kucha zaidi.

Mpigaji mkubwa wa Korongo wakati huo alikuwa Nanjo Ryohei, kijana wa miaka ishirini na minne, anayeongoza ligi nzima. Sura yake ilikuwa kwenye chupa za chai. Lakini alikuwa amesoma Sekondari ya Kamiura, na Kuramochi alisoma hapohapo, miaka ishirini na mitatu kabla yake. Basi huyo wa chupa za chai ndiye aliyembebea Kuramochi kikapu kila siku mpaka uwanjani, na hakukaa kabla huyo kaka yake wa shule hajakaa.

Siku moja ya mwezi wa tano, kikapu kikiwa kimefika nusu, mpira ulimtoka Kuramochi ukampiga Nanjo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mlio wake ulikuwa mkavu. Wote uwanjani waliusikia.

Kuramochi alivua kofia, akainama mpaka kiuno. Nanjo naye akavua, akainama chini zaidi yake.

"Samahani sana, kaka. Nilisogea mwenyewe."

"Hukusogea."

"Nilisogea. Endelea, kaka, kikapu bado kina mipira."

Akalishika gongo. Mipira mitatu aliipiga ikaangukia karibu, akashukuru, akaondoka taratibu kama mtu asiye na haraka.

Mchana Kuramochi alimwona kwenye chumba cha chakula, anakula wali wa kari kwa mkono wa kushoto. Macho yao yalikutana. Nanjo akahamishia kijiko kulia, akatabasamu, na kijiko kikatetemeka njia nzima mpaka mdomoni. Kuramochi akatazama sahani yake.

Chumba cha daktari wa timu kilikuwa milango mitatu kutoka pale. Alichotakiwa ni kwenda na kusema. Lakini alimkumbuka Fujinawa, mrushaji wa mazoezi aliyekuwapo kabla yake, aliyewapiga wapigaji wawili katika mwezi mmoja. Ilipofika vuli, kabati lake lilikuwa tupu, limefutwa hata vumbi. Sasa Fujinawa anapanga masanduku sokoni, na hakuna mwandishi aliyewahi kumfuata kumuuliza yuko wapi.

Jumatatu, siku ya mapumziko, alinunua sanduku la keki za maharage, akavaa tai na kwenda kwa Nanjo. Kijana alifungua mlango, akaliona sanduku, uso ukambadilika.

"Kaka, usinifanyie hivi. Ukileta keki ya msamaha, maana yake kuna kosa."

"Mkono ukoje?"

"Mzima."

"Uoneshe."

"Mzima, kaka."

"Nenda kwa daktari, Ryohei."

"Nikienda, ataandika. Akiandika, watauliza siku gani, na nani alikuwa anarusha." Akalipokea sanduku kwa mkono wa kushoto, akalibana kifuani. "Tena mke wangu anazipenda hizi. Keki nimepokea, kaka. Yameisha. Asante."

Kuramochi aliinama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Jitunze," akashuka ngazi. Alipofika chini alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama aliyetua gunia la mchele. Kwa wepesi ule hakujisamehe kamwe.

Wiki tatu Nanjo alicheza. Aliufunga mkono kwa bandeji ya rangi ya ngozi, akashusha mkono wa jezi juu yake. Mapigo yalikauka. Washabiki waliokuwa wakimwimbia wakaanza kumzomea.

"Nanjo! Gongo umeliuza?"

"Rudi ukauze chai!"

Jumapili moja aliuzungusha mkono kuufuata mpira wa kawaida kabisa, gongo likamdondoka, akapiga magoti. Hospitalini wakaona kifupa kidogo kimepasuka siku nyingi, na kwa kutopumzishwa kimekufa humohumo ndani. Walimpasua. Daktari alisema vijiti vya kulia chakula atashika, mtoto atabeba, ila gongo hatalishika tena kama zamani. Waandishi walipouliza aliumiaje, Nanjo alijibu kwamba alijigonga kwenye mlango wa bafu nyumbani, akaogopa kusema. Mji mzima ukacheka. Mlango wa bafu!

Kuramochi alikuwa kwa Mzee Hamasaki, ameinamia tambi zake, habari hizo ziliposemwa.

"Vijana wa siku hizi maziwa matupu," alisema mzee huku anakung'uta kichujio. "Bafu limemshinda, ataweza mpira? Enzi zenu mlipigwa, mkatema mate, mkaendelea. Mtazameni Kuramochi huyu! Mkono wa miaka arobaini na saba, na bado kila siku yumo!" Akanyoosha kichujio kuelekea picha iliyo juu ya sanduku la fedha. Wateja wakageuka, wakapiga makofi.

Kuramochi aliacha bakuli limejaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kocha Tokunaga, akamkuta anaandika orodha ya wachezaji wa siku.

"Kocha, Nanjo hakujigonga mlangoni. Ni mimi. Ni mpira wangu, mwezi wa tano. Nilijua, nikanyamaza."

Tokunaga hakuweka kalamu chini.

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Kuramochi, sisi wote tulikuwapo uwanjani. Si tulisikia? Tulikungoja useme wewe, maana yeye asingeweza kumtaja kaka yake wa shule. Siku ya kwanza ungesema, pengine ungeondoka. Yeye angekaa nje mwezi mmoja, leo anacheza."

"Basi niwaambie waandishi. Nilisafishe jina lake."

"Ulisafishe?" Kocha akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ameshasema ni mlango. Wewe ukisema haukuwa mlango, umemwongezea uongo juu ya ulemavu. Amekupa zawadi, ukaipokea. Sasa utamrudishia ya nini?" Akarudi kwenye orodha yake. "Mazoezi saa nane. Kanyooshe mkono."

Saa nane alikuwa nyuma ya wavu. Kikapu alikibeba mwenyewe. Wapigaji wanane walisimama kando ya kizimba cha nyavu cha kupigia, na hakuna aliyemsema vibaya. Ila mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu, mwingine amekwenda kunywa maji, wa tatu anatafuta glovu aliyoivaa. Kibao cheupe cha ardhini, anaposimama mpigaji, kilibaki peke yake juani. Kuramochi alingoja. Kamba zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena.

Mwishowe wakamsukuma Isobe, mdogo wao, wa miaka kumi na tisa. Akaja mbio, akainama. "Naomba, kaka!" Halafu akasimama mbali sana na kibao, mbali kiasi kwamba gongo lake lisingeufikia mpira wowote wa katikati. Mikono ameibana kifuani.

Kuramochi alitazama vidole vyake viwili. Kucha ziling'aa, alizisugua asubuhi kama kawaida. Aliurudisha mpira kikapuni, akaupanga vizuri juu ya wenzake usiporomoke. Ikawa mia na ishirini, hakuna uliopungua. Akavua kofia, akaufunika nayo mpira wa juu, akainama kuelekea kibao.

"Kaka?" Isobe aliita. "Unaenda wapi?"

"Kunywa maji."

Mabomba ya maji yalikuwa mkono wa kushoto. Yeye alishika kulia, kwenye kigeti cha watunza nyasi kinachotokea kwenye njia ya nyumbani kando ya reli, akakifungua, akapita, akakirudishia polepole nyuma yake.