Mshika Hatamu wa Ukunguni

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo alilotaka msimamizi wangu nilikiri, na nilikataa mbele yake kama ninavyokataa mbele yako. Sikuwa na homa. Jua la Dubai halikuwa limenipiga, maana lilikuwa halijachomoza. Nilichokiona nilikiona, nikazungumza nacho, na kikanijibu kwa Kiswahili. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mimi ni mtu wa Nyahururu. Kabla ya kuja Uarabuni nilikuwa koplo katika kikosi cha farasi huko Kenya, wale wanaofuata wezi wa mifugo sehemu ambazo gari halipiti. Mkufunzi wetu, sajenti mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, hakuturuhusu kupanda kabla hajatuhadithia tulikotoka.

“Msijidanganye,” alituambia, “nyinyi si wale wa kwenye picha, wanaochomoa panga na kumkimbilia adui. Nyinyi ni askari wa miguu. Farasi ni wa kukufikisha tu.”

Alisema jeshi la wakati wa mkoloni lilikuwa na watu wa namna hiyo hiyo, Waafrika, wakipanda nyumbu, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi, kwa sababu farasi wengi walikuwa wakifa kwa mbung’o. Wakati wa vita vya Mjerumani walizunguka nyika ya Tsavo wakilinda reli. Wakimkaribia adui, wanashuka. Watatu wanaingia vichakani na bunduki, wa nne anabaki nyuma na hatamu za wanyama wote wanne. Huyo wa nne hapigi risasi, hakimbii, haachilii. Akiachilia, wenzake watarudi wakose cha kuwatoa.

“Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote,” sajenti alisema. “Kuwasikia wenzako wakiuawa na wewe umeshika kamba.”

Sasa tuje Dubai. Nilipata kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mazizi ya tajiri mmoja nje ya mji, kule jangwani. Tajiri tulimwita arbab na tulimwona mara chache. Msimamizi wetu tulimwita sir, na huyo tulimwona kila tulipogeuka. Nilikaa mtaa wa Discovery Gardens, chumba kimoja na Athmani, kijana wa Mombasa aliyefanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari Ras Al Khor.

Nafasi niliyopewa ilikuwa ya saisi wa Tanga aliyerudishwa kwao. Masaisi wenzangu walinieleza kwa kunong’ona. Asubuhi moja ya baridi, farasi wake alirudi zizini peke yake. Walipokwenda kumtafuta mwenyewe walimkuta amesimama katikati ya njia ya mchanga, mkono ameunyoosha mbele, ngumi imekaza. Ndani ya ngumi hamkuwa na kitu, na hakuna aliyeweza kuikunjua. Alikuwa akirudia maneno yale yale: “Amesema anarudi sasa hivi.” Jua lilikuwa kali walipomkokota kumwingiza ndani. Sir alisema ni pombe. Yule mtu alikuwa Mwislamu asiyegusa hata bia isiyo na kilevi, lakini nani angebishana na sir?

Nami nilisema moyoni, yamempata yeye, hayanihusu. Nilihitaji kazi.

Wewe kama hujakaa Dubai utadhani ni joto tu mwaka mzima. Subiri miezi ya baridi. Ukungu unashuka jangwani mpaka ukinyoosha mkono huoni vidole. Asubuhi hiyo nilimtoa Najma, farasi jike wa arbab, nikampeleka kunyoosha miguu kama kawaida. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha. Kila kitu kilikuwa kinatiririka maji: kofia yangu, tandiko, manyoya ya Najma. Tulikuwa tumefika mbali na uzio aliposimama ghafla. Nilimgusa kwa kisigino, akatetemeka tu, masikio yameelekea mbele.

Kisha nikasikia sauti ya mtu.

“Simama! Nani wewe?”

Kiswahili, ndugu yangu. Katikati ya jangwa la Waarabu. Na mdomo wangu, uliofunzwa kikosini, ukajibu kabla yangu: “Rafiki.”

“Rafiki, sogea.”

Nilishuka, nikasogea nikimvuta Najma. Alikuwa mtu mweusi, mwembamba, kaptura ya kaki, vitambaa vimezungushwa miguuni toka kifundo hadi goti, na chini yake miguu mitupu. Bunduki mgongoni. Nyuma yake nyumbu wanne wamebanana, na hatamu zote nne zimo mkononi mwake. Unajua kilichonisimamisha nywele? Hawakuwa na maji. Dunia nzima imelowa, lakini yeye na wanyama wake ni wakavu, wamejaa vumbi, na vumbi lenyewe jekundu. Mchanga wa Dubai si mwekundu vile. Lile nililijua. Lile ni vumbi la Tsavo.

“Wewe ni mtu wa farasi,” alisema. Hakuuliza. “Nimefuata harufu. Nishikie kidogo. Wenzangu wamekaa mno huko mbele. Nikawaangalie, narudi sasa hivi.”

Niamini, nilikuwa nimeshasikia kisa cha yule wa Tanga. Nilijua. Lakini mkono wa askari una akili zake. Mwenzako akikupa hatamu, unapokea. Kabla sijasema lolote, hatamu moja ilikuwa kwenye kiganja changu cha kushoto, na vidole vyangu vikaanza kujifunga vyenyewe, kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo nikasikia. Bunduki, mbali. Watu wanapiga kelele kwa Kikamba, kwa Kinandi, kwa lugha nyingine nisizozijua. Mmoja alikuwa akimwita mtu wa kumletea mnyama wake, anaita, anaita, mpaka sauti ikakatika. Kisha yote yakaanza upya toka mwanzo. Nikaelewa kwamba huyu mtu amesikia hivyo miaka yote hiyo. Na miguu yangu ilianza kuzama mchangani kana kwamba hapo ndipo patakapokuwa kwangu.

Nilitishika, sikufichi. Lakini chini ya hofu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyoniokoa. Mtu mzima amesimamishwa kama kigingi, vita vimekwisha, walioviamuru wamekwisha, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia!

“Askari!” nilipaza sauti ile ya uwanja wa gwaride. “Zamu yako imekwisha. Achia hatamu!”

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu tu, aliyechoka.

“Cheo chako?”

“Koplo.”

“Koplo hawezi kunitoa hapa. Aliyenipanga ni bwana afisa.”

“Bwana afisa alikwenda kwao zamani,” nilimjibu. “Alizeeka, akafa, akazikwa kwenye kaburi lenye jina. Wenzako watatu wamelala nyikani na hakuna aliyewawekea hata jiwe. Hawarudi. Unamngoja nani?”

Alitikisa kichwa. “Nikiachilia watasema nilikimbia.”

“Nani atasema? Niambie ni nani, nikabishane naye mimi!”

Vidole vyangu vilikuwa vimebaki viwili tu kufungika. Nikauweka mkono ule mbele ya uso wake aone.

“Tazama. Mimi siishiki. Si kwa kuwa ni mwoga. Nakataa. Na wewe unayo haki ya kukataa. Jina lako nani?”

Naona hakuwa ameulizwa swali hilo kwa muda mrefu. Alilitafuta. Midomo ilicheza kwanza bila sauti.

“Mutua,” alisema hatimaye. “Mutua wa Kilonzo.”

“Mutua wa Kilonzo, hukukimbia. Nimekuona mimi. Achia.”

Nikavuta vidole vyangu kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja, kwa maumivu ambayo sina maneno ya kukupa, mpaka hatamu ikaanguka. Yeye akaitazama ikianguka. Nyumbu yule akarudi nyuma, akageuka, akaondoka polepole ukunguni. Mutua akaachia ya pili. Akaachia ya tatu. Zile kelele za mbali zikafifia. Ya nne alibaki nayo.

“Huyu ni wangu,” alisema, kama anayeomba ruhusa.

“Panda basi. Nenda nyumbani.”

Akapanda. Hakunipigia saluti, hakushukuru. Alimgeuza mnyama wake upande wa kusini magharibi, akaenda bila kutazama nyuma, na nilisikia kwato muda mrefu kuliko ilivyowezekana kwenye mchanga.

Niliporudi zizini, kifua na pua ya Najma vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Nilimwonyesha sir. Alilipaka kidoleni, akalinusa, akabadilika rangi.

“Khalas, yameisha. Mwoshe,” alisema. Kisha akaniita pembeni. “Sema ulikunywa. Nitakusamehe, utaendelea na kazi. Ukisema vingine, hakuna saisi atakayekubali kutoka asubuhi tena.”

“Sir, sikunywa.”

“Fikiria familia yako.”

“Naifikiria. Ndiyo maana sisemi uongo.”

Kazi iliishia hapo. Usiku huo Athmani, baada ya kunisikiliza, alifukiza ubani chumba kizima na kuniambia, “Wewe, majini yako yaache huko huko jangwani, mimi nina zamu kesho.” Lakini yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala lao, na hajawahi kuniambia niliota.

Mkono wangu wa kushoto haujapona. Vidole vile vilivyofunga hatamu havisikii moto wala baridi. Daktari ameupiga picha, anasema mifupa ni mizima, mishipa ni mizima. Ukungu ukishuka vinajikunja, navikunjua mwenyewe, kwa nguvu, kila asubuhi ya namna hiyo. Nimezoea. Afadhali kuvikunjua kila mara kuliko kuishika ile kamba milele.

Na wewe unayesoma, kama unafanya kazi na farasi, popote pale, nikuonye. Siamini Mutua alikuwa peke yake. Ukisikia ukunguni mtu anakuomba umshikie kidogo, weka mikono yako mgongoni. Usipokee. Lakini usikimbie pia, wamekimbiwa vya kutosha. Muulize jina, halafu mwambie aachilie, na useme kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye cheo. Watu wale walipewa amri nyingi sana. Hiyo moja hawakupewa.