Simbilisi na Kisu cha Sukuma

Binti yangu aliapa kuwatunza mwenyewe simbilisi wake wawili, vinyama vinono visivyo na mkia. Basi anayefagia mavi yao ni mimi. Na wakisikia kisu changu kwenye ubao, wanapiga mayowe wakidai sukuma wiki, kama mwenye nyumba anayedai kodi!

Jumapili moja rafiki yangu, mama wa Bukavu, alikuja kula kwetu Erdington, huku ughaibuni. Kwao simbilisi hufugwa jikoni ili waliwe. "Hawa wanafurahia kisu?" akashangaa. "Kwetu wangekuwa wamekimbia!" Akamnyanyua mmoja, akampima uzito kwa mkono, akaniuliza kama nina pilipili.

Binti yangu hunijibu kwa Kiingereza tu. Siku hiyo Kiswahili kilimtoka chote: "Shangazi, huyo haliwi! Mrudishe! Na pilipili hatuna!"