Stuli ya Elieshi

Mwaka mzima Elieshi, muuza vitambaa vya jumla Kariakoo, alisifika kwa maringo. Mteja akitaka jora la juu, alionyeshwa ngazi apande mwenyewe. Watu kwa kusema hawajambo. Hawakujua kwamba kila akiwa kwenye siku zake, mama huyu alitokwa na damu nyingi mno, akakalia khanga nyeusi iliyokunjwa mara nne, akiogopa kuinuka.

Siku mama mkwe alipofika kutoka Machame, Elieshi alimwamkia akiwa amekaa kwenye stuli yake. Nani kwao humwamkia mkwe amekaa? Mama aliitikia nusu nusu, akabeba mkungu wa ndizi aliowaletea, akaondoka nao. Hizo ndizi ndizo zilizomchoma Elieshi. Kesho yake alifunga duka akaenda hospitali.

Vipimo havikuonyesha uvimbe, ila damu ilikuwa imepungua sana mwilini. Daktari Severine alimpa vidonge vya kuongeza damu, kisha akamweleza njia mbili. Kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya kizazi, hupunguza hedhi taratibu, miezi mitatu hadi sita, na mwanzoni matone husumbua, kikikushinda kinatolewa. Kutoa kizazi humaliza hedhi moja kwa moja, lakini ni kidonda, wiki kama sita bila kunyanyua mzigo, na kuzaa ndio basi.

Badria wa duka la pili alishatolewa kizazi na hajuti. Akamshauri Elieshi akate mzizi wa fitina. Wilbert, mume wa Elieshi, alisema lolote sawa, jibu la mwanamume anayekwepa lawama. Lakini Elieshi ana miaka thelathini na minane, na mtoto wa tatu bado anamtaka.

"Dada Badria, hapa mali ikishauzwa hairudishwi," alisema. "Mimi naanza na kinachorudishika. Kikishindwa, kitanda cha upasuaji nitakipanda kwa miguu yangu."

Miezi miwili matone yalimtesa. Alimlaani daktari kimoyomoyo, ila kitanzi hakukitoa. Mwezi wa tano siku zake zilikuja na kupita kama mgeni mstaarabu.

Mama mkwe aliporudi, uso bado umekunjamana, Elieshi alikuwa juu ya ngazi na gauni lake la rangi ya maziwa, akiteremsha jora. Alishuka, akampokea mkoba, akamwamkia, kisha akamweleza yote bila kuficha. Mama aliitazama stuli kwa muda, akaikalia.

"Mimi nilikaa hivi miaka kumi, mwanangu," alisema. "Sikumwambia mtu."

Elieshi, ambaye hospitali hakutoa chozi, alilia pale pale mbele ya wateja.